Kicheko Kinapobeba Mapenzi: Hotuba kuhusu Maoni ya Wasomaji juu ya Riwaya Tatu za Kerstin Gier

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, vijana na wasomaji wenzangu,

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kuyazungumzia maoni yenu juu ya riwaya tatu ambazo kikundi chetu kimezisoma pamoja: Rubinrot, iliyotoka Ujerumani mwaka 2009, pamoja na Saphirblau na Smaragdgrün, zilizofuata mwaka 2010, zote zikiwa kazi za mwandishi Kerstin Gier. Wengi wetu tumezisoma kupitia tafsiri ya Kiingereza ya marehemu Anthea Bell, mama ambaye pia alishirikiana na Derek Hockridge kutafsiri katuni za Asterix, na ambaye kwa hiyo alikuwa amekomaa katika kazi ngumu ya kuuvusha utani kutoka lugha moja hadi nyingine ukiwa bado hai. Karatasi mlizoandika maoni yenu nimezisoma zote, baadhi yake zaidi ya mara moja, na kila nilivyoendelea kusoma ndivyo jambo moja lilivyozidi kunidhihirikia, nalo ndilo nitakalolitetea mbele yenu: mnapozisifu riwaya hizi mnasifu mahali panapochekesha, na mnapozilalamikia, karibu kila mara mnalalamikia mahali ambapo kicheko kimenyamaza.

Kwa ajili ya wageni ambao hawajazisoma, naomba nieleze kisa kwa ufupi. Gwendolyn Shepherd ni msichana wa miaka 16 anayeishi London katika nyumba moja na mama yake, wadogo zake, bibi yake Lady Arista, shangazi na jamaa wengine, akiwemo binamu yake Charlotte. Katika ukoo huo, baadhi ya wanawake hurithi uwezo wa kurudi katika nyakati zilizopita, na tangu utotoni familia nzima imeamini kwamba safari hii mrithi ni Charlotte, hivyo amefundishwa lugha, historia, ngoma za kale, adabu za makasri na kupigana kwa kitara. Siku inapofika, anayetoweka ni Gwendolyn, ambaye hakufundishwa chochote, kwa sababu tarehe yake halisi ya kuzaliwa ilikuwa imefichwa. Ametumwa tu dukani kumnunulia peremende bibi mwingine wa nyumba hiyo, Maddy, na ghafla anajikuta katika mtaa uleule, miaka mingi kabla hajazaliwa. Baada ya hapo anakabidhiwa kwa jumuiya ya siri iitwayo Loji, yenye makao yake katika eneo la Temple, inayotunza chombo kiitwacho kronografu, na analazimika kusafiri pamoja na kijana Gideon de Villiers, hodari wa kila kitu na mwenye kujua kwamba ni hodari.

Nianze na wale walioandika kwamba hawapendi hadithi za kusafiri katika wakati kwa sababu zinawachosha akili, lakini hizi wamezimaliza. Ni jambo la kutafakari. Hadithi ya aina hii humtaka msomaji akubali mambo mengi kwa pamoja: kwamba tone la damu likiwekwa katika kronografu humpeleka mtu karne nyingine, kwamba wasafiri wote ni 12 na kila mmoja ana kito chake, yeye Gwendolyn akiwa yakuti nyekundu, na kwamba msafiri asipopelekwa kwa utaratibu kila siku, mwili wake utaruka wenyewe bila kumwuliza. Mwandishi angetueleza hayo kwa uzito, nadhani wengi tungeiweka riwaya kando. Badala yake ametupa msimulizi ambaye hajui lolote, anayeuliza maswali tunayotaka kuuliza sisi, na anayekasirika kwa niaba yetu pale wazee wa Loji wanapokataa kumjibu. Tunacheka naye, na wakati tunacheka tumekwisha kuikubali kronografu. Ninaamini hiyo ndiyo siri ya ufundi wa Gier, ambaye kabla ya kuwaandikia vijana alikuwa ameandika riwaya nyingi za kuchekesha za watu wazima, na alikwisha kujua kwamba anayecheka huwa amekwisha kusadiki.

Hapa nalazimika kutofautiana na wasomaji walioandika kwamba Gwendolyn ni mjinga. Maoni hayo yamerudiwa katika karatasi nyingi, tena na watu ninaoheshimu usomaji wao, kwa hiyo sitayapita juujuu. Ni kweli kwamba katika juzuu ya kwanza anachelewa kuelewa mambo ambayo msomaji mzoefu ameyaona kurasa nyingi kabla, na ni kweli pia kwamba kuna nyakati anamwachia rafiki yake Lesley kazi yote ya kufikiri. Lakini tukumbuke kwamba maarifa yote ya ukoo huo alipewa mwingine. Mtu aliyenyimwa elimu kwa makusudi hawezi kuhukumiwa kwa mizani ya yule aliyepewa walimu tangu akiwa mtoto. Riwaya yenyewe inalijua hilo, na ndiyo maana inatupatia lile somo la ngoma na adabu katika juzuu ya pili, ambapo mwalimu Giordano anamdharau msichana huyu kwa kila hatua anayokosea huku Charlotte akisimama pembeni kuonyesha jinsi inavyotakiwa. Tunacheka, naam, lakini kicheko chetu kinamwangukia mwalimu, na kupitia kwake kinaiangukia jumuiya nzima ya wanaume wanaojiona walinzi wa wakati ilhali wameshindwa hata kumwandaa msichana mmoja kwa kazi wanayomtuma.

Tukio mlilolitaja kuliko mengine yote ni lile la karamu ya karne ya 18. Gwendolyn amevishwa gauni kubwa lililoshonwa na Madame Rossini, yule mshonaji Mfaransa ambaye nimefurahi kuona mmempenda kwa kauli moja. Ameonywa asizungumze sana, asimtazame mtu vibaya, asijitokeze. Kisha anakunywa kinywaji cha karamu bila kujua nguvu yake, na muda si mrefu anasimama mbele ya wageni waliovaa mawigi na kuwaimbia wimbo wa Memory kutoka katika mchezo wa kuigiza wa muziki uitwao Cats, ambao ulianza kuonyeshwa London mwaka 1981, yaani karibu miaka 200 baada ya usiku huo. Wengine mmeandika kwamba mlicheka hadi mkaulizwa na watu wa nyumbani mna nini.

Naomba tukae kidogo katika tukio hilo, maana ndani yake mambo yote matatu ya riwaya yanakutana. Safari ya wakati ipo, kwa kuwa utani wote unategemea wimbo kusikika kabla ya mtunzi wake kuzaliwa. Hatari ipo, kwa kuwa anayetazama ukumbini ni Count Saint-Germain, mwanzilishi wa Loji, mtu ambaye anaweza kuwa adui. Mapenzi nayo yapo, kwa kuwa Gideon, aliyeijia kazi hii akimwona mwenzake kama mzigo, hapo anamwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kuufungua moyo wa ukumbi mzima kwa jambo ambalo yeye, pamoja na mafunzo yake yote, asingethubutu kulifanya. Hakuna hotuba ya mapenzi katika juzuu zote tatu inayonishawishi kama tukio hilo linavyonishawishi. Mwandishi amelifikisha penzi mlangoni kwa mguu wa kicheko, nasi tukalifungulia.

Sasa niingie katika malalamiko, nikianza na lile kubwa la kwamba mapenzi yamekuja haraka mno. Katika hili niko pamoja nanyi. Kisa chote kinachukua siku chache tu, si miezi, na kuelekea mwisho wa juzuu ya kwanza vijana hawa wanabusiana ilhali msomaji bado anakumbuka maneno ya dharau ambayo Gideon aliyatoa walipokutana. Vijana wa kikundi chetu wameandika kwamba ndivyo mapenzi ya umri huo yalivyo, na kwamba mtu anaweza kumpenda mtu mwingine kati ya Jumatatu na Alhamisi. Sibishani na hilo, kwani wao wako karibu na umri huo kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba riwaya haitupi mazungumzo ya kutosha kati yao wawili wakicheka pamoja. Gwendolyn anacheka na Lesley, anacheka na bibi Maddy, anacheka na Xemerius, lakini akiwa na Gideon, hasa mwanzoni, ucheshi unabaki upande wake peke yake. Penzi ambalo mmoja anachekesha na mwingine anatazama tu, msomaji hulikubali kwa shingo upande.

Kwa kuwa nimemtaja Xemerius, niseme neno juu yake. Huyu ni mzuka wa pepo mdogo mwenye umbo la zile sanamu za mawe zinazochongwa katika kuta za makanisa ya kale ya Ulaya ili ziteme maji ya mvua, na anayemwona ni Gwendolyn peke yake. Anaingia katika juzuu ya pili na, kwa maoni ya wengi wenu, anaiteka. Sisi tuliolelewa katika hadithi za mizimu na majini tumezoea mgeni kutoka ulimwengu mwingine aje na onyo au deni, kwa hiyo nadhani ilikuwa raha ya pekee kukutana na mmoja aliyekuja kupiga soga, kupeleleza kupitia ukutani na kutaka apendwe. Msomaji mmoja ameandika kwamba Xemerius anafanya kazi ya kwaya ya tamthilia za kale za Kigiriki, kwa kusema kwa sauti yale ambayo msomaji anayafikiri. Ni uchunguzi mzuri sana, nami nauongezea hili: katika juzuu ya tatu, Gwendolyn anapolia kupita kiasi, jambo ambalo wengi mmelilalamikia, Xemerius naye anamtania kwa machozi hayo. Mwandishi aliona mapema kwamba tungechoka, akamweka mtu wa kuchoka pamoja nasi.

Suala lililowagawa zaidi ni udanganyifu wa Gideon. Mwishoni mwa juzuu ya pili, Gwendolyn anatambua kwamba mahaba aliyoonyeshwa yalikuwa sehemu ya mpango wa Count Saint-Germain, ambaye anaamini kwamba mwanamke aliyependa huongozeka kwa urahisi. Baadaye tunaelezwa kwamba Gideon alikuwa amempenda kweli. Baadhi yenu mmeandika kwamba hilo limewatosha, na wengine, hasa akina mama wenye mabinti wa umri huo, mmeandika kwamba haliwatoshi hata kidogo.

Mimi nasimama na akina mama. Sisemi kwamba kijana asisamehewe, kwani riwaya ya mapenzi isiyo na msamaha ingekuwa kitu kikavu. Nasema kwamba msamaha huu umepatikana kwa bei ndogo mno. Ile imani ya Count kuhusu wanawake, riwaya imeiweka katika kinywa cha mhalifu, na hapo imefanya vizuri, lakini aliyeitekeleza ni kijana tunayetakiwa kumpenda, na sikumwona akitakiwa kuijibia kwa urefu unaostahili. Binti anayeisoma riwaya hii usiku chumbani kwake anastahili kuona kwamba aliyemchezea mtu moyo kwa amri ya mkubwa wake ana safari ndefu ya kurudi, hata kama anayo kronografu. Angalieni pia kwamba katika kurasa hizo ndipo utani unapopungua kuliko mahali pengine popote. Nadhani mwandishi mwenyewe alihisi kwamba jambo hili halichekeki, akanyamaza, kisha akaharakisha kupita.

Kuhusu Charlotte mmeandika machache, na ningetamani mngeandika zaidi. Wengi mmemwita mwovu, na riwaya inatusukuma tumwone hivyo, kwa majivuno yake na maneno yake makali. Lakini huyu ni msichana aliyenyang'anywa utoto wake. Wakati wenzake walikuwa wakicheza, yeye alikuwa akifundishwa namna ya kuinama mbele ya watu waliokufa zamani, na siku moja akaambiwa kwamba yote hayo hayakumhusu. Hakuna aliyemwomba radhi. Kicheko kinachomwelekea Charlotte, kwangu mimi, ndicho kicheko pekee katika juzuu hizi tatu kisichokuwa na ukarimu, na ninasikitika kwamba mwandishi mwenye moyo mpana kiasi hicho hakumpa binti huyu hata sura moja ya kumtendea haki.

Kuna walioandika kwamba wamekuwa wakiziruka zile nukuu kutoka katika kumbukumbu za Loji, mashairi ya utabiri na orodha za ukoo zinazowekwa kati ya sura na sura. Nawaomba mrudi mkazisome. Dalili nyingi za mafumbo zimefichwa humo, na ndani yake mna sauti ya wanaume walioandika mambo ya ajabu kwa ukavu wa makarani, sauti ambayo inaufanya ucheshi wa Gwendolyn usikike vizuri zaidi unaporejea. Itawafaa pia kujua kwamba Count Saint-Germain hakubuniwa na Gier. Alikuwepo Ulaya ya karne ya 18 mtu aliyejiita kwa jina hilo, mwanamuziki na mzungumzaji hodari, aliyepokewa katika kasri la Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, ambaye asili yake ilikuwa fumbo na ambaye watu walivumisha kwamba hazeeki wala hafi. Alifariki mwaka 1784 huko Eckernförde, kaskazini mwa Ujerumani, na uvumi haukukoma hata baada ya hapo. Mwandishi wa Kijerumani aliyetafuta mhalifu kwa ajili ya riwaya ya kusafiri katika wakati alimkuta huyu akiwa tayari.

Limebaki suala la mwisho wa kisa, ambalo nitaligusa kwa uangalifu kwa ajili ya wale ambao bado wako katika juzuu ya tatu. Malalamiko yenu ni kwamba mafumbo yaliyosukwa kwa subira katika juzuu mbili na nusu yanafumuliwa kwa kasi katika kurasa chache, na kwamba baada ya mapambano msomaji hakupewa nafasi ya kukaa na wapendanao hawa wakiwa na amani. Nakubaliana nanyi juu ya kasi hiyo. Wapo pia waliosema kwamba walimtambua mhalifu aliyejificha mapema mno, lakini hilo halinisumbui, kwani riwaya ya namna hii haiishi kwa fumbo peke yake.

Ili kuona jinsi mwisho ulivyo na uzito kwa wasomaji wa riwaya hizi, inatosha kuitazama kazi ya mwandishi wa Marekani, Jude Deveraux, iitwayo A Knight in Shining Armor, iliyotoka mwaka 1989. Nayo ina utani mwingi, hasa pale mtukufu wa Uingereza ya karne ya 16 anapojikuta katika dunia ya magari na bafu za kisasa, na nayo ina penzi linalovuka karne. Mwandishi huyo aliamua kwamba wapendanao wake wasibaki pamoja kwa namna ambayo wasomaji walikuwa wakiitarajia, na wasomaji wamegawanyika juu ya uamuzi huo tangu wakati ule. Wengine huuona kuwa ndio uaminifu wenyewe, wengine huhisi wamedhulumiwa. Watu hawa wote walikuwa wamekubali bila ubishi kwamba mtu anaweza kutokea mbele ya kaburi lake mwenyewe akiwa na upanga mkononi. Walichokataa baadhi yao ni kufikishwa mwisho wakiwa wameachwa na huzuni baada ya kucheka pamoja na watu hao wawili kwa muda mrefu. Gier alichagua njia nyingine, iliyo sawa na jina ambalo mfululizo wake ulipewa kwa Kijerumani, linalosema kwamba upendo hupita katika nyakati zote, na kwa uchaguzi huo sina la kumlaumu. Ningemwomba tu kurasa zaidi, na katika kurasa hizo Gideon acheke.

Kuna karatasi moja iliyouliza kama riwaya hizi zinafaa kuwekwa katika maktaba za shule zetu za sekondari, au kama ni upuuzi wa kupitishia muda. Jibu langu ni kwamba zinafaa, na ningezitetea mbele ya bodi yoyote. Zina msichana anayesoma, anayeuliza, anayekataa kunyamazishwa na wazee wanaoficha mambo. Zina urafiki kati ya Gwendolyn na Lesley ambao ni wa kweli na wa kudumu kuliko mapenzi yenyewe. Zina babu, Lucas, ambaye mjukuu anakutana naye akiwa kijana, katika mazungumzo ambayo baadhi yenu mmekiri kwamba yaliwatoa machozi. Mwalimu atakayeziweka rafuni namwomba tu awe tayari kukaa na wanafunzi wake juu ya lile suala la udanganyifu wa Gideon, na awaachie wabishane mpaka kengele ilie.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema niliyokuwa nayo juu ya karatasi hizi. Wapo humu ukumbini wanaomtetea Gideon kwa nguvu zote, na nimeona tangu nilipolitaja jina lake mikono yao imekuwa juu. Naomba wao ndio wapewe kipaza sauti kwanza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.